Rsync mpya, man ya zamani: wanafunzi wanasoma maelezo ya toleo ambalo hatulitumii tena

Mwalimu_Nguba (Bukavu)
Salamu wote. Nasimamia sale ya kompyuta ya chuo kimoja hapa Bukavu. Seva yetu bado ni Debian 10 (mfumo wa Linux), ile ya Julai 2019, na rsync, programu ya kunakili mafaili, iliyokuja nayo ni 3.1.3. Habari za matundu ya usalama zilipotoka Januari 2025 nilichukua 3.4.1 nikaikompile (nikaijenga mwenyewe kutoka msimbo wake): configure, make, make install, hakuna kilicholalamika. Programu ni mpya kweli. `rsync --version` inaandika 3.4.1, protokali 32.

Shida ni maelezo. Nikiwa root (akaunti ya msimamizi), `man rsync`, amri ya kufungua ukurasa wa maelezo, inaleta ukurasa mpya. Mwanafunzi akifungua kwa akaunti yake, chini kabisa ya ukurasa anakuta 3.1.3 na tarehe ya Januari 2018. Niliwapa zoezi la kunakili mafaili kwenda kwenye folda ambayo haijaundwa, kwa `--mkpath`. Wengi wakaniandikia kwamba chaguo hilo halipo, na wakanakili ukurasa wa man kama ushahidi. Siwezi kuwanyima alama. Ukurasa waliousoma hauna hilo chaguo, kwa sababu liliingia kwenye 3.2.3.

Sasa naomba kujua: kwa nini toleo jipya likisakinishwa maelezo ya zamani yanabaki? Na nifanyeje ili kila akaunti isome kile kinacholingana na programu iliyopo? Intaneti yetu ni ya kubahatisha, mega zinaisha kabla ya mwezi, kwa hiyo "tafuteni mtandaoni" si jibu kwa hawa vijana. Man ndiyo maktaba yao.

BirereNet (Goma)
Mwalimu, habari. Hayakufutwa kwa sababu hakuna aliyeambiwa ayafute. Rsync 3.1.3 ililetwa na apt, chombo cha Debian cha kusakinisha vifurushi, ikawekwa /usr/bin, ukurasa wake /usr/share/man, na dpkg, inayofanya kazi chini ya apt, inayo orodha ya kila faili. Ya kwako imeletwa na make install ikaenda /usr/local. Hizo mbili hazijuani kabisa.

Apt ikipandisha toleo inalinganisha orodha ya jana na ya leo, kisichokuwemo tena inakiondoa. Make install haina orodha. Inaweka, basi. Hata ukikompile toleo lingine juu ya hilo, faili lililobadilishwa jina litabaki hapo hadi siku utakapolifuta kwa mkono.

Dawa ni moja: `apt remove rsync`. Ya zamani inaondoka na ukurasa wake.

Himbi_Data (Goma)
@BirereNet taratibu kaka, usimpeleke mwenzako porini. Kabla ya kuondoa chochote aandike kwanza `apt -s remove rsync` aone kitakachofuatana nayo. Back In Time kwa mfano inategemea rsync, na apt haijui kwamba kuna nyingine /usr/local. Itaona tegemeo limetoka, itaondoa na programu ya hifadhi. Mwalimu atapata man nzuri na hifadhi iliyosimama.

Kama ni ule ukurasa tu unaosumbua, dpkg-divert inatosha. Unaiambia dpkg ukurasa wa /usr/share/man/man1/rsync.1.gz uhamishwe jina, na hata kifurushi kikipandishwa kesho hakitaurudisha mahali pake.

KadutuShell (Bukavu)
Mbona mnaenda mbali. Bash, programu inayopokea amri, inakumbuka njia ya programu ya mwanzo. Waambie wanafunzi waandike `hash -r` au watoke na kuingia upya. Itakaa sawa.

BirereNet (Goma)
@KadutuShell hapana. Hash inakumbuka programu iko wapi, haigusi kurasa za man. Na Mwalimu kashasema programu yenyewe ni mpya. Soma swali kwanza ndugu yangu.

KadutuShell (Bukavu)
Sawa, kwa upande wa man nakubali. Ila swali la kwangu bado liko: amesema `--version` ni 3.4.1, ameiandika akiwa nani? Kama ni root tu, hatujui mwanafunzi anaendesha ipi. PATH ya mwanafunzi (orodha ya folda ambamo programu hutafutwa) ikitanguliza /usr/bin, basi anatumia programu ya zamani NA anasoma man ya zamani, na maelezo yake ni sahihi kabisa kwa kile alicho nacho.

Himbi_Data (Goma)
Hapo umegusa. Tena man huwa inafuata mpangilio wa PATH: ndani ya /etc/manpath.config kuna mistari inayooanisha /usr/local/bin na /usr/local/share/man. Ukigeuza PATH, umegeuza na kurasa.

Dada_Sifa (Bukavu)
Aksanti kwa mada. Mimi naangalia kitu kingine. Mashine zetu nyingi hapa zimewekwa kwa Kifaransa. Root anaweza kubaki na lugha ya C (Kiingereza cha msingi), akaunti za wanafunzi ni fr_FR (Kifaransa). Man ikikuta tafsiri ya Kifaransa inaipendelea, na tafsiri huwa iko nyuma ya asili, wakati mwingine nyuma sana, kwa sababu zinaletwa na vifurushi tofauti kama manpages-fr. Unaweza kupandisha programu na tafsiri ikabaki ya mwaka mwingine.

Jaribio ni rahisi. Mwanafunzi aandike `LC_ALL=C man rsync`. Kama ukurasa unabadilika kuwa mpya, basi ni lugha.

Mimi nilikutana nayo kwenye systemd. Mwenzangu anasoma Kifaransa, mimi Kiingereza, kila mmoja anamwambia mwingine anasema uongo, kumbe kila mtu ana ukurasa wake.

Katuba_Fundi (Lubumbashi)
Bandugu, mambo yenu. Ya Dada Sifa ni kweli kabisa, lakini mimi naona njia nyingine. Mu sale yetu huku Lubumbashi, asistanti wa mbele aliweka mustari wa MANPATH (orodha ya folda za kurasa za man) ndani ya /etc/skel, folda ya mufano wa akaunti mpya. Kila akaunti mpya ikazaliwa na ule mustari ndani ya .bashrc yake. MANPATH ikiwekwa kwa mkono, man haifuate tena PATH, inafuata ule mustari tu. Aliandika /usr/share/man peke yake, basi kila kitu chenye tuliweka mu /usr/local hakikuonekana kwa wanafunzi, na root alikuwa anakiona muzuri. Root hana skel ile. Njo maana Mwalimu anaona tofauti.

Waandike `echo $MANPATH`. Kama inajibu kitu, shida yako iko pale.

Mzee_Ruzizi (Bukavu)
Wanangu, mnajua mengi lakini mmepita juu ya kitu cha chini kabisa. Ruhusa. Kama umaski ya root (ruhusa zinazonyimwa kwa kila kitu kipya) kwenye hiyo seva ni 077, make install ikiunda folda man1 ndani ya /usr/local/share/man, folda inazaliwa ya root peke yake. Faili lenyewe litakuwa 644, mtu akiliangalia anasema liko wazi, lakini mlango wa folda umefungwa. Mwanafunzi hawezi kuingia, man inaruka, inampa ule wa /usr/share. Root anaingia popote, kwa hiyo kwake hakuna kasoro.

Mwalimu, andika `namei -l /usr/local/share/man/man1/rsync.1`. Inaonyesha ruhusa za kila ngazi ya njia, kutoka mzizi hadi faili. Utaona ni ngazi ipi imefunga.

Mwalimu_Nguba (Bukavu)
Nawashukuru wote. Nimechelewa, umeme ulikatika na betri za sale hazifiki jioni. Haya ndiyo niliyoyakuta kwa akaunti ya mwanafunzi mmoja wa L2 (mwaka wa pili):

`which rsync` inajibu /usr/local/bin/rsync. Kwa hiyo @KadutuShell, programu anayoendesha ni mpya.
`man -wa rsync` inaleta njia moja tu, ya /usr/share/man. Nikiwa root inaleta mbili, ya /usr/local mbele.
`LC_ALL=C man rsync` haikubadilisha kitu.
`echo $MANPATH` ni tupu.
`namei -l` inaonyesha man1 ni drwx------ ya root.

Nimeifungua folda kwa `chmod 755`, nikaendesha mandb (inayosasisha faharasa ya kurasa), na mwanafunzi huyo sasa anaona 3.4.1. Mzee Ruzizi, Mungu akuzidishie.

Lakini haijaisha. Akaunti za promosheni ya L1 (mwaka wa kwanza) bado zinaona 3.1.3. Folda ni ile ile, mashine ni ile ile.

Mzee_Ruzizi (Bukavu)
Amina. Hao wa L1 akaunti zao ziliundwa lini, kabla au baada ya za L2?

Katuba_Fundi (Lubumbashi)
Mzee umeniwahi. Baada, bila shaka. Mwalimu, angalia MANPATH ya hao wa L1, si ya L2. Ulipima mutu moja tu.

Dada_Sifa (Bukavu)
Na lugha pia, yaya. Inawezekana L1 wako fr_FR na L2 wako C. Ulipima mmoja, na huyo mmoja hata `locale` yake hujatuonyesha.

BirereNet (Goma)
Mmeona? Dhana tano, na zote zinazaliwa na kitu kimoja: kurasa mbili za programu moja ndani ya mashine moja. Ungeondoa ya zamani siku ile ile, wala ruhusa isingefichwa na kitu. Mwanafunzi angeandika man rsync, angejibiwa hakuna ukurasa, angekuja kukuuliza. Ukurasa unaokosekana ni afadhali kuliko ukurasa unaodanganya. Huo ndio msimamo wangu na sitautoa.

Lemera_Sync (Uvira)
Naomba nipingane na BirereNet kwa heshima. Mimi nanakili data kati ya Bukavu na Uvira kila usiku, na mashine ya upande wa pili ni ya zamani, bado ina 3.1.3. Rsync ni mazungumzo ya pande mbili. Ukitumia `--mkpath` kupeleka kwenye mashine ambayo haijafika 3.2.3, ule upande wa pili unakataa, unasema chaguo haulijui. Ukandamizaji wa zstd ni hivyo hivyo, uliingia 3.2.0, pande zote mbili lazima ziwe nao.

Kwa hiyo mimi nahitaji man zote mbili. Ya zamani ndiyo inayoniambia mwenzangu anaelewa nini. Nimeiweka pembeni ikiwa na jina lake: /usr/local/doc/rsync-3.1.3.txt. Ukurasa wa zamani unaanza kudanganya pale unapokaa mahali pa mpya bila jina la toleo. Ukiwa na jina lake ni kumbukumbu halali.

Himbi_Data (Goma)
Lemera kasema jambo. PostgreSQL kwenye Debian wanafanya karibu hivyo: vifurushi vya maelezo vina namba ya toleo ndani ya jina, postgresql-doc-13, postgresql-doc-15, kila kimoja kinakaa kwenye folda yake chini ya /usr/share/doc. Hakuna kinachomkanyaga mwenzake. `man psql` inaelekezwa kwenye mojawapo, na ukitaka ingine unajua ilipo.

Nirudi kidogo kwa Mwalimu kwenye sababu ya kukompile, maana watu watasoma hapa na kuiga. Matundu ya Januari 2025 yalikuwa sita, yote yakazibwa kwenye 3.4.0. Lile baya kuliko yote, CVE-2024-12084 (CVE ni namba rasmi ya tundu la usalama), linagusa kuanzia 3.2.7. Kwa hiyo 3.1.3 yako haikuwa nalo. Ilikuwa na mengine, kama lile la kuvujisha kumbukumbu, CVE-2024-12085, na Debian 10 ilikuwa imeshatoka kwenye LTS (msaada wa muda mrefu) tangu mwisho wa Juni 2024, kwa hiyo hukuwa na sasisho la kawaida. Umefanya vizuri kuhama.

Lakini mwenye Debian 12 asikompile. Timu ya usalama ya Debian ilirudisha viraka kwenye 3.2.7 ile ile. Namba ya toleo inabaki 3.2.7, man inabaki 3.2.7, na matundu yamezibwa. Ushahidi uko /usr/share/doc/rsync/changelog.Debian.gz, fungua kwa zless. Watu wengi hawajawahi kufungua hiyo folda, na ndiyo inayosema ukweli wa kile kilichomo ndani ya mashine yako.

KadutuShell (Bukavu)
Hiyo ya changelog sikuijua. Nimeifungua sasa hivi. Kumbe kila CVE imetajwa kwa jina.

Furaha_Afya (Goma)
Samahani kuingilia, mimi si mtu wa Linux sana, niko upande wa data za afya. Ninyi mnalia na man, sisi tunalia na PDF. DHIS2, mfumo wa data za afya, kila toleo lina maelezo yake kwenye tovuti yao, unachagua namba na unasoma ya kwako, hapo hakuna neno. Lakini huku kwenye maeneo ya afya mtu alipewa PDF siku ya mafunzo, akaiweka kwenye desktop, akamgawia mwenzake kwa flashi, na huyo kwa mwingine. Mfumo ukapandishwa kwenye seva kuu. Menyu ikahama. PDF haikuhama. Muuguzi ananipigia simu: "Dada, kitufe cha picha ya ukurasa wa kumi na mbili sikioni." Na ni kweli hakipo.

Tunachofanya sasa: ukurasa wa kwanza wa kila mwongozo, maandishi makubwa, namba ya toleo na mwezi. Na kwenye mafunzo tunaanza kwa kumwonyesha mtu mahali pa kusoma namba ya toleo ndani ya mfumo wenyewe. Namba zikitofautiana, apige simu kabla ya kuendelea.

Shefu_Kampemba (Lubumbashi)
Mama Furaha, PDF bado ina nafuu, unaweza kuifuta. Silabusi ya fotokopi utaifanyaje? Hapa mwanafunzi ananunua silabusi ya mkubwa wake wa promosheni iliyopita, naye aliinunua kwa mwingine. Nimeshika moja wiki hii. Sura ya mtandao inaanza na `ifconfig`, na Debian haiiweki tena yenyewe tangu toleo la 9, la 2017. Sura ya vifurushi inamfundisha mtoto kuongeza ufunguo kwa `apt-key add`, na kwenye Debian 13 hiyo amri haipo kabisa. Pembeni kuna maandishi ya kalamu ya watu watatu tofauti, kila mmoja amesahihisha kwa namna yake: mmoja kaandika `ip a`, mwingine kaandika "sakinisha net-tools", wa tatu kakata mstari mzima bila kusema kitu.

Nasema hivi kwa sababu Mwalimu anaweza kusafisha seva yake ikang'aa, na zoezi likarudi vilevile, kwa kuwa mtoto hakusoma seva. Alisoma karatasi.

Katuba_Fundi (Lubumbashi)
Shefu, ile silabusi ya kalamu ya watu watatu njo dokimantasio yenye kufanyiwa sasisho kuliko zote hapa mjini 😄

Shefu_Kampemba (Lubumbashi)
😄 Mdogo wangu, kweli. Ila haina tarehe. Hatujui nani wa mwisho.

Himbi_Data (Goma)
Nyingine ya haraka kwa wanaotumia LibreOffice ya kupakua tovutini: kila toleo linakaa /opt ndani ya folda yake, libreoffice7.6, libreoffice24.2, na kifurushi cha msaada wa nje ya mtandao kinapakuliwa peke yake. Ukipandisha bila kuchukua kile cha msaada, F1 inakupeleka kwenye kivinjari, na bila mega unabaki unaangalia ukurasa mweupe. Ukiacha ya zamani, msaada wake unakaa hapo hapo unachukua nafasi bila kazi. Pakua vyote viwili siku moja.

Lemera_Sync (Uvira)
Kwa wenye kukompile mara kwa mara: checkinstall badala ya make install. Inatengeneza kifurushi cha .deb, dpkg inapata orodha, na siku ya kuondoa au kupandisha mafaili yote yanafuata, kurasa za man zikiwemo. Kama hutaki hiyo, GNU Stow: kila toleo folda yake, na viungo tu ndani ya /usr/local.

BirereNet (Goma)
Na rsync ikichukuliwa kwenye git (hazina ya msimbo) badala ya tarball (furushi la msimbo lililotolewa rasmi), kuna mtego mwingine. Kurasa za man zinatengenezwa kutoka markdown kwa python3 pamoja na cmarkgfm au commonmark. Ukikosa hizo, watu wanaweka `--disable-md2man` ili configure ipite. Programu inajengwa, ukurasa haujengwi, make install inaendelea kimya. Ya Mwalimu ni tarball kwa sababu root anauona ukurasa. Nasema kwa wengine.

Mwalimu_Nguba (Bukavu)
Nimerudi na habari za L1. MANPATH yao ni tupu, Katuba. `locale` yao ni fr_FR, na ya L2 pia ni fr_FR, Dada Sifa, kwa hiyo lugha siioni kuwa tofauti. `man -wa` kwa L1 sasa inaleta njia mbili, ya /usr/local mbele.

Nimekaa na mmoja wao nikamwambia afungue maelezo ya rsync mbele yangu. Hakuandika man. Aliandika `less /partage/L1/rsync.txt`. Kuna mtu wa promosheni aliyetoa ukurasa wa man kwenye faili ili wasome bila kuingia kwenye seva, na wote wanasoma hilo. Wengine wawili nilipowauliza wameniapia kwamba wao wanatumia man yenyewe na bado waliona 3.1.3 asubuhi. Hao sijaweza kuwaona na skrini zao.

Mzee_Ruzizi (Bukavu)
Hao wawili huenda hawakutoka kwenye kikao chao tangu jana, ukurasa ulikuwa umefunguliwa tayari kwenye dirisha lingine. Waangalie kabla ya kuwaamini.

Katuba_Fundi (Lubumbashi)
Ao wako na alias, jina la mukato linalogeuza amri. `type man`, Mwalimu. Usiache hiyo.

BirereNet (Goma)
Ao faili la /partage linarudi kwa mlango mwingine. Lifute.

Lemera_Sync (Uvira)
Msilifute! Libadilishe jina liwe rsync-3.1.3.txt, weka rsync-3.4.1.txt pembeni yake. Vijana walifanya jambo zuri, wanasoma bila kuchosha seva.

Himbi_Data (Goma)
Mimi nasema pandisha mashine yenyewe. Debian 13 ya Agosti 2025 inayo rsync 3.4.1 ndani, man yake ndani, na hutakompile tena. Ila kutoka 10 huruki: 11, kisha 12, kisha 13, kila hatua kwa zamu yake. Nina DVD ya kwanza ya kila moja, unaziongeza kwa apt-cdrom bila kumaliza mega.

Mwalimu_Nguba (Bukavu)
Himbi, hizo nazitaka. Kuna mtu wetu anapanda boti kutoka Goma Ijumaa, nitakutumia namba yake kwa ujumbe wa faragha. Nitafanya wakati wa likizo, sale ikiwa tupu. Kwa sasa nimefuata la Lemera kwenye /partage, na zoezi la `--mkpath` nalirudia Jumatatu na alama zao zinabaki. Nikikaa na wale wawili nitaandika `type man` ilijibu nini.

Himbi_Data (Goma)
Poa. Nitaweka na manpages-fr za kila toleo, Dada Sifa asije akasema sikumsikia. Umwambie aje na flashi ya GB 32, ili nafasi itoshe bila wasiwasi kwa DVD zote tatu pamoja na faili za ukaguzi na hizo nyongeza.